Sitara ya Herufi Moja

Kumwandika mwanamke aliyedhalilishwa vitani ni mtihani mzito. Mwandishi akisema yote, huenda akamvua mhanga nguo mara ya pili, safari hii mbele ya msomaji. Akinyamaza, amemhifadhi mkosaji. Slavenka Drakulić, mwandishi wa Kroatia, aliukabili mtihani huu katika riwaya yake ya mwaka 1999, ambayo jina lake lina maana ya "Kana kwamba sipo".

Mhusika mkuu ni mwalimu kijana wa Bosnia. Mwaka 1992 askari wa Kiserbia wanakivamia kijiji anachofundisha, na wanawake wanapelekwa kambini. Humo mna "chumba cha wanawake", ambamo askari huingia kuchagua wamtakaye. Machi 1993, katika hospitali ya Stockholm, anajifungua mtoto wa kiume. Baba ni yupi miongoni mwa wengi, hajui.

Mwalimu huyu hana jina, ni S. tu. Wenzake nao ni herufi moja moja. Wapo wahakiki watakaosema kwamba hivyo ndivyo kambi inavyomfanya mtu, humpokonya hata jina. Ni kweli, lakini sisi wa pwani tunaona na jambo la pili: sitara. Herufi ile ni ushungi ambao mwandishi amewafunika wanawake ambao mikasa yao halisi aliisikiliza kabla ya kuandika. Lugha yake nayo ni kavu, haina mapambo, wala haimkaribishi msomaji kutazama kwa uroho.

Hata hivyo, nina dukuduku moja. Kepteni wa kambi naye hana jina, ni cheo kitupu. Ushungi uliomstahi mwanamke umemfunika na mwanamume asiyestahili. Linganisha na hukumu ya Foča, iliyotolewa The Hague tarehe 22 Februari 2001. Mashahidi waliitwa kwa namba ili wahifadhike, bali Kunarac, Kovač na Vuković walisomwa kwa majina yao kamili, wakafungwa miaka 28, 20 na 12. Mahakama ilijua nani wa kusitiriwa na nani wa kufichuliwa.

Riwaya inakomea pale mama anapomkubali mwanawe. Hapo ndipo fasihi ilipoitangulia mahakama, kwani hakuna hukumu iwezayo kumfundisha mama kumpakata mtoto wa aina hiyo.