Tawanya na Tapanya: Neno Moja au Mawili?

Kamusi zetu zimezoea kueleza tawanya kwa tapanya, na tapanya kwa tawanya, kisha huridhika. Ajuaye maneno hayo tangu zamani hapati hasara. Lakini mwanafunzi aliyelelewa kwa Kinyambo huko Ndama, katika Karagwe, huachwa akizunguka mlangoni pasipo kuingia. Kwa maoni yangu maneno haya si pacha.

Kwanza tutazame umbo. Tawanya, tapanya, kusanya, gawanya, changanya: yote huishia kwa -anya, na yote hudai wingi, ama mwanzoni ama mwishoni. Gawanya yaweza kuanza na kimoja ikaishia na vingi. Tawanya haiwezi, hutaka vingi vilivyokwisha kuwa pamoja, navyo viachane. Hakuna amtawanyaye mtoto mmoja. Ndiyo maana kinyume chake ni kusanya.

Tapanya huongeza hasara. Tukisikia kwamba fulani ametapanya mali ya urithi, hatuulizi kama alifanya vema. Hukumu imo ndani ya neno. Mkutano hutawanyika kwa salama baada ya dua, wala hatusemi umetapanyika, ila kwa dhihaka. Askari nao huutawanya umati, na kitenzi hakisemi kama walikuwa na haki.

Sasa twende uani kwa mkulima wa Ndama. Kahawa ya huko, aghalabu robusta, hukaushwa juani pamoja na maganda yake. Hutandazwa kwa tabaka nyembamba juu ya mkeka, turubai au kichanja, hugeuzwa mara kwa mara isiote ukungu, na mvua ikitishia hukusanywa upesi. Kinyambo kina kitenzi kwanika, ndugu wa damu wa anika yetu. Mwandishi wa maelekezo ya kilimo akiandika “tawanyeni kahawa juani”, amekosa: buni za mkeka mmoja hazikuachana, zimelazwa tu. Akitaka kutaja jinsi zinavyoenea, neno ni tandaza; akitaka jua, ni anika. Na akiandika tapanya, mkulima ana haki ya kumwuliza nani atakayelipa.

Kosa hilo la kahawa ni dogo, maana mkulima anaijua kazi yake kuliko mwandishi. Likihusu watu huwa zito. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe, na mwezi wa Desemba 1996 wengi wao walirudishwa kwao. Mwandishi wa historia akisema kwamba watu hao “walitawanyika”, kiambishi -ik- humwondoa mtenda, kana kwamba ni upepo uliopita. Akisema “walitawanywa”, msomaji atauliza mara moja: na nani? Mwandishi aweza kuchagua lolote kati ya hayo mawili, mradi ajue alichochagua. Yafaa basi kamusi iweke mifano ya namna hii chini ya kila kitenzi, badala ya kumrudisha msomaji kwa jirani yake.