Marekta wakikaa meza moja, mwanafunzi anakaa wapi?



Wakati nilikuwa nasoma agronomi, minervali ilipanda katikati ya mwaka. Viongozi wa vyuo vya mji wetu walikuwa wamekaa pamoja na kupatana vizuri sana; sisi tulikuta tangazo kwenye ukuta. Ndiyo maana nikisikia bengi wanasema "marekta wangekuwa na baraza moja, mambo ingetengemaa", ninauliza kwanza: baraza ya namna gani?

Tuangalie moja yenye inatembea kweli. Iko Marekani, katika jimbo la Washington (si mji mkuu, ni lile jimbo la magharibi, la matofaa). Kule rekta anaitwa rais. Marais wa vyuo sita vya serikali vyenye kutoa licence wako na Baraza la Marais, makao yake Olympia, kwenye bunge la jimbo. Vyuo vya miaka miwili, 34, viko na chama chao kingine.

Baraza hilo ni la hiari. Haliamuru chuo chochote, juu kila chuo kina bodi yake yenye kuteuliwa na gavana. Kazi yake ni kutafuta neno moja na kulipeleka bungeni wakati wa bajeti. Hapo ninawapongeza: kuomba feza mukiwa sita si sawa na kuomba kila mtu kivyake.

Lakini kukiwa kitu cha kugawana? Sheria ya 1917 iliwapa Chuo Kikuu cha Washington, pale Seattle, udaktari, na wale wa Pullman kilimo (fakilte yangu iligawiwa kama shamba la urithi, nilicheka). Karibu miaka mia kisha, Pullman wakataka fakilte yao ya udaktari. Vyuo viwili vikavutana. Mwishowe vikapatana vyenyewe, bunge likageuza sheria 2015, na wanafunzi 60 wa kwanza wakaanza 2017. Baraza halikuwa na nguvu ya kukata hilo neno. Meza yenye inaweza tu kusema kile wote wanataka, mimi naona ni nusu ya meza.

Na mwanafunzi? Tangu 1998 sheria inamupa kiti kwenye bodi ya kila chuo. Gavana anamuchagua kwenye orodha ya wanafunzi wenyewe. Hiyo ni nzuri sana. Ila Baraza ni la marais. Mwenye kwenda kutetea mufuko wetu ni yule yule ambaye, bunge likikatala, minervali njo itajaza bajeti yake. Ataomba kwa nguvu, sikatai.

Kwa hiyo wazo la baraza ya marekta likirudi tena kwetu, nitaliunga mkono kwa sharti mbili: mwanafunzi awe na kiti pale, na ile yenye wanataka kupatana tuisome mbele ya kuamuliwa, hapana kisha, kwenye ukuta.