Mwili wa Siti: maoni juu ya jibu moja mashuhuri

Katika vitabu vya Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1958, umepewa nafasi ya kitabu cha maadili. Mwalimu huusoma pamoja na wanafunzi wake ili kuwaonyesha kwamba mtoto wa shamba, tena maskini, aweza kufika mbali kwa subira na bidii. Usomaji huo si wa makosa, kwani mwandishi mwenyewe aliutaka. Lakini umeacha nyuma jambo moja lililojaa katika kisa hicho, nalo ni mwili. Waliomdharau Siti walianza na kile walichokiona: sura yake, nguo yake, na asili waliyodhani kwamba inasomeka juu yake kama maandishi ukutani. Kwa hiyo inafaa kuuliza ni jibu gani fasihi ya Kiswahili ilimpa mtu aliyeambiwa kuwa mwili wake haufai, na kama jibu hilo latosha.

Mambo ya msingi yanajulikana. Siti alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa, na utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria kisiwani humo hadi mwaka 1897. Alifinyanga vyungu, akavichukua kwa miguu hadi mjini kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba kwa kufuata ala, na mwaka 1928 akaenda Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri. Wapenzi wake walimwita Siti, yaani bibi mtukufu, na jina la Mtumwa likaachwa. (Wasomaji wa Kongo, ambao mwaka 1972 waliona taifa zima likiamriwa kubadili majina, wanajua kwamba jina laweza kuvuliwa kwa siku moja. Ngozi haivuliwi hivyo.)

Sifa zilipoenea, wapinzani walitunga wimbo wa kumkejeli. Wimbo huo ulimkumbusha kwamba alitoka shamba akiwa amevaa kaniki, ukamtilia shaka hata utu wake, kisha ukadai kwamba pasipo sauti yake asingekuwa na riziki. Kaniki haikutajwa bure. Nguo hiyo nyeusi ya bei rahisi ilikuwa vazi la watumwa na mafukara, na katika Unguja ya karne ya 19 cheo cha mtu kilitambulikana kwa namna mwili wake ulivyofunikwa au ulivyoachwa wazi. Kumtajia mwanamke kaniki, miaka mingi baada ya yeye kuivua, ni kusema kwamba bado anaivaa chini ya nguo zake mpya.

Siti alijibu kwa wimbo. Muhtasari wa jibu lake ni kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo limesifiwa kizazi baada ya kizazi, na kwa haki, maana ni fupi, ni kali, na linamrudishia mchokozi aibu yake. Methali ya mkakasi, ulio mzuri kwa nje huku ndani ukiwa kipande cha mti, yaelekea upande uleule.

Pamoja na hayo, mhakiki hana budi kusita hapa. Jibu linalosema kwamba sura si kitu halisemi kwamba sura hiyo ni njema. Linaliacha shtaka la kwanza bila kulikanusha, kisha linakwenda kusimama mahali pengine, penye akili, ambapo mshtaki ni dhaifu. Huo ni ushindi wa mabishano, wala si amani na mwili. Shaaban Robert naye, kwa kuwa alipenda utu kuliko umbo, aliongeza uzito upande huo huo: anamsifu Siti kwa subira, ukarimu na moyo, na tabia inafanywa kuwa fidia ya uso. Fidia hulipwa pale palipo na hasara. Binti anayesoma kitabu hicho darasani, huku akichekwa na wenzake kwa weusi au unene wake, hujifunza kwamba atafute kitu kingine cha kujivunia. Hafundishwi kwamba hapakuwa na hasara yoyote tangu mwanzo.

Yafaa kukumbuka kwamba utungaji wa Kiswahili ulikuwa na njia nyingine, ya zamani zaidi. Katika utendi wake wa mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham anamwagiza binti yake ajitunze: asuke nywele, avae vikuku, ajitie wanja na hina, atumie maua na manukato. Hapa mwili haukatazwi wala haukimbiwi. Kiungo baada ya kiungo kinatajwa kwa upole wa mama, na upole huo unagusa zaidi msomaji akumbukapo kwamba mtunzi alikuwa mgonjwa wa siku nyingi: mwili unaodhoofika unauagiza mwili mchanga upambwe. Lakini pambo hilo lina mwenyewe, naye ni mume. Binti anatakiwa apendeze machoni mwa mtu mwingine, na radhi ya mume ndiyo mizani. Shaaban Robert, katika Utenzi wa Hati aliomwandikia binti yake, alifuata desturi hiyo ya wosia wa mzazi.

Kwa hiyo kuna njia mbili zilizopokewa: kuupamba mwili kwa ajili ya jicho la mwingine, au kuudogosha mbele ya akili. Lugha yenyewe inaonyesha pengo lililobaki katikati. Kiambishi -ji- kimezaa vitenzi vingi vya mtu kuushughulikia mwili wake: kujipamba, kujikwatua, kujiremba, kujitanda, kujichubua. Hiki cha mwisho kinastahili kutazamwa. Kuchubua ni kutoa ngozi ya juu, na mchubuko ni jeraha la mtu aliyeanguka. Wasemaji wa Kiswahili walipohitaji neno la kumtaja anayepaka dawa ili awe mweupe, hawakuchagua neno la urembo, walichagua la kidonda. Ni mara chache lugha hutoa hukumu iliyo wazi kiasi hicho, na utabibu umeithibitisha, kwani baadhi ya dawa hizo zina zebaki, nayo hudhuru figo. Ila kujikubali, kwa maana ya kuridhika na umbo la mtu mwenyewe, kunasikika bado kama mgeni aliyefika jana, na hakuna utenzi mashuhuri uliojengwa juu yake.

Msomaji wa Lubumbashi hana haja ya kuvuka ziwa ili aone jicho la mwingine likitawala. Katika miaka ya 1960 na 1970, sebule nyingi za wafanyakazi wa mji huo zilipambwa kwa picha ya mamba muntu, mwanamke nusu samaki, mwenye ngozi nyeupe na nywele ndefu laini, pengine na saa mkononi. Alisemekana kuleta mali, kwa malipo mazito. Wachoraji walijua hatari yake, na watazamaji pia, lakini alitundikwa mbele ya mabinti wa nyumba, ambao walikua wakimtazama kila siku. Hakuna aliyewaambia kwa maneno kwamba utajiri na weupe ni kitu kimoja, kwani picha ilikwisha kusema.

Je, Siti hana ila jibu lake? Hapana, na hapa ndipo usomaji wa Wasifu unapotakiwa kugeuzwa. Wapinzani walitenga sauti na mwili, wakadhani kwamba wameacha kwake kitu kidogo. Wasifiaji nao walikubali mgawo huo, wakaiita sauti kipaji, kana kwamba ilishuka kutoka juu na kukaa ndani ya mtu bila kumgusa. Sauti ni mapafu, koo, ulimi na mbavu. Husemwa kwamba Siti alijulikana kwanza kwa jinsi alivyonadi vyungu vyake njiani, na masimulizi hayo yana maana kubwa kuliko yalivyopewa. Pumzi ile ilipatikana kwa kutembea kutoka Fumba hadi mjini na mzigo. Kifua kilipanuka kwa kazi ileile iliyohesabiwa kuwa dalili ya unyonge. Mwili uliochekwa ndio ulioimba. Wimbo wa kejeli, uliposema kwamba sauti ndiyo inayomlisha, uliungama bila kujua kwamba mwili huo umejilisha wenyewe.

Pengine ndiyo sababu sahani za Bombay zilikuwa na nguvu kiasi hicho. Santuri haionyeshi uso, wala kaniki, wala rangi. Mtu anaweza kusema kwamba huko nako ni kujificha, na hoja hiyo si dhaifu. Lakini msikilizaji wa santuri hasikii akili tupu. Anasikia mahali pumzi inapokatwa, koo linapokaza, irabu inapovutwa kwa Kiswahili cha Unguja wakati taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Anasikia, kwa lugha ya wanaisimu, matamshi ya mtu fulani asiyefanana na mwingine.

Njia ya tatu, ile ya kuukubali mwili bila kuomba ruhusa, ilikuwapo Unguja, ila haikuingia kitabuni. Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, ambaye alisimulia kwamba alijifunza kuimba kwa kumsikiliza Siti, alikuwa pia mwalimu wa unyago. Aliwafundisha wari, kwa ngoma na nyimbo, habari za mwili wao wenyewe. Ni kweli kwamba unyago nao huandaa mwanamke kwa ndoa, na haufai kupambwa kwa sifa usizo nazo; lakini humo mwili unaitwa kwa majina yake, unachezeshwa, unachekewa na wenyewe kabla haujachekwa na wengine. Mwaka 2005 Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX akiwa mkongwe, na aliendelea kuimba jukwaani kwa sauti iliyokwaruza, bila kuificha mikunjo ya uso, hadi karibu na kifo chake tarehe 17 Aprili 2013. Nyimbo za Siti zilizopita katika koo hilo hazikusikika kama utetezi.

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuziacha nyimbo za unyago kwa wanaanthropolojia, kwa kuona haya au kwa kuziita matusi. Shaaban Robert ana udhuru, kwa kuwa mlango wa unyago hufungwa kwa wanaume. Watafiti wa kike walio vyuoni leo hawana udhuru huo, na toleo la nyimbo hizo lenye maelezo ya kiisimu, likiwekwa mezani pamoja na Wasifu, lingebadili namna jibu la Siti linavyofundishwa.