Kizuizi cha Kolinesterasi: Nani Humzuia Nani?

Miongoni mwa sentensi ambazo wafasiri wa maandishi ya kilimo na afya hukutana nazo mara kwa mara ni ile ya vibandiko vya viuatilifu vya jamii ya oganofosfati na kabamati, isemayo kwamba kilichomo ndani ya chupa ni “kizuizi cha kolinesterasi”. Sentensi hiyo ni fupi, na kisarufi haina kosa. Hata hivyo sisi twaihesabu kuwa ni miongoni mwa tafsiri dhaifu kabisa katika uwanja huu, na katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini, na kuzipima pamoja nayo istilahi chache zinazofuatana nayo. Jambo lenyewe si la wataalamu wa lugha peke yao. Asomaye kibandiko hicho aghalabu ni bwana shamba, au mganga wa zahanati aliyeletewa mgonjwa juu ya baiskeli, na muda wa kufungua kamusi hana.

Kwanza yafaa tuitazame kazi yenyewe. Neva inapoamrisha musuli ukunjike, haiugusi musuli huo. Baina yao pana ufa mwembamba mno. Neva humwaga katika ufa huo kitu kiitwacho asetilikolini, nacho huvuka na kutua kwenye vipokezi vilivyo upande wa pili, musuli ukatii. Lakini amri ikishatiiwa sharti ifutwe, la sivyo musuli utaendelea kuisikia. Kazi ya kuifuta ndiyo ya asetilikolinesterasi: huikata asetilikolini vipande viwili, kolini na asetati, kisha kolini ikarudishwa ndani ya neva ili iundiwe asetilikolini nyingine. Kasi yake ni ya ajabu, kwani molekuli moja tu huweza kukata maelfu ya molekuli za asetilikolini katika sekunde moja. Ufutaji huo hufanyika katika musuli, na pia katika tezi, moyo, mapafu, matumbo, na ndani ya ubongo wenyewe.

Sasa tuirudie sentensi yetu. Neno “kizuizi” katika Kiswahili ni kitu kilichowekwa njiani ili kingine kisipite: kizuizi cha barabarani, kizuizi cha polisi. Vizuizi hivyo viwili vyatosha kuonyesha tatizo, maana cha kwanza chatajwa kwa mahali kilipo na cha pili chatajwa kwa mwenye nacho. Ukisema “kizuizi cha mafuriko” umetaja kile kinachozuiwa. Basi “kizuizi cha kolinesterasi” ni kipi? Ni kizuizi ambacho kolinesterasi imekiweka, au ni kitu kinachoizuia kolinesterasi? Msomaji ambaye hajapata kuijua kolinesterasi, naye ndiye msomaji wa kibandiko, hana njia ya kuamua. Na tumeona kijikaratasi kimoja cha mafunzo ya wagani ambamo mwandishi mwenyewe alipotea, akaieleza kolinesterasi kuwa ndiyo sumu iliyomo ndani ya chupa.

Kihusishi cha -a hakina kosa lolote hapa. Kina utajiri ambao mfasiri hana budi kuujua. Dawa ya mtoto ni ya kumfaa mtoto, dawa ya panya ni ya kumwangamiza panya, na dawa ya mahindi ni ya kuyalinda mahindi kwa kumwangamiza mdudu ambaye hata hakutajwa. Mzaliwa wa lugha hachanganyikiwi, kwa kuwa panya, mtoto na mahindi anavijua. Ajuapo kitu, -a humtosha. Asipokijua, -a humwacha njia panda. Kwa hiyo istilahi inayohusu kitu kigeni kwa msomaji haifai kuegemea kihusishi hicho. Lugha inayo njia nyingine iliyo bora, ile ya kitenzi kilichoungana na yambwa yake, kama katika “kifunguakinywa”, “kiuadudu”, na “kiuatilifu” chenyewe, ambacho leo kimo hata katika jina la mamlaka ya serikali ya Tanzania inayosimamia afya ya mimea. Kwa mfano huo twapendekeza “kizuiakolinesterasi”. Neno ni refu, hatukatai, lakini halina njia panda: kuna kinachozuia, na kuna kinachozuiwa.

Wako waliojaribu kuukwepa ugumu huu kwa kuandika “sumu ya kolinesterasi”. Ubovu wa -a wameubakiza, na wameongeza mwingine. Kizuiakolinesterasi si lazima kiwe sumu. Mwaka 1934 Mary Walker, daktari huko London, alimdunga fizostigmini mgonjwa mwenye ule udhaifu wa misuli uitwao miasthenia gravis, na kwa saa kadhaa misuli yake ikapata nguvu. Neostigmini na jamaa zake zinatumika hospitalini hata leo. Donepezili wanayopewa wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer ni ya ukoo huohuo. Na fizostigmini yenyewe ilipatikana katika maharage ya Calabar, nchini Nigeria, ambayo zamani watu walinyweshwa ili kuapiza na kumtambua mkosaji, kama kwetu ulivyotumika mwavi, ingawa mwavi ni mmea mwingine kabisa. Istilahi moja yapaswa kubeba dawa ya mzee, kiapo cha wahenga, kiuatilifu cha shambani na hata gesi ya sarini iliyoua watu katika treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995. “Sumu” haiwezi kubeba mzigo huo, “kizuia” chaweza.

Tafsiri ya pili tunayoilaumu ina hatari kubwa zaidi. Ni ile isemayo kwamba viuatilifu hivi “hupoozesha neva”, au, kwa maneno makali zaidi, “huua neva”. Mfasiri ameona kwamba mwisho wa sumu hii ni kushindwa kupumua, akaupeleka mwisho mwanzoni. Kwa hakika kinachotokea kwanza ni kinyume cha kupooza. Kimeng'enya kikizuiwa, asetilikolini haikatwi, na amri isiyofutwa huendelea kutolewa tena na tena. Mgonjwa hutokwa na machozi, udenda, makamasi na jasho. Mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Hutapika, huharisha, mkojo humtoka. Mapafu hujaa majimaji. Misuli huchezacheza chini ya ngozi. Ni baada ya hapo tu musuli ulioamrishwa bila kukoma huchoka usiweze kutii tena, na musuli wa kupumua ukiwa mmojawapo, mtu hufa. Mganga aliyefundishwa kwa neno “kupooza” atamtafuta mgonjwa aliyelegea. Huyu aliyelowa jasho na udenda, anayetetemeka, atamdhania mlevi au mwenye kifafa, na saa ya kumwokoa itapita. Sisi twashauri iandikwe hivi: “huzuia amri za neva zisifutwe”. Maneno hayo hayahitaji kamusi, na yeyote aliyeyaelewa aweza kuzikisia dalili karibu zote kwa akili yake mwenyewe.

Kuhusu “kimeng'enya” hatuna ugomvi, ila tuna tahadhari kwa walimu. Neno hili lilitokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kikawa vipande vidogo, na lilizaliwa katika somo la chakula tumboni. Asetilikolinesterasi yalifaa sana jina hilo, kwa kuwa kweli huvunja. Lakini asetilikolini nayo huundwa ndani ya neva na kimeng'enya kingine, kolini asetiltransferasi, ambacho hakivunji chochote kwa maana ya tumboni. Kazi yake ni kuunganisha. Mwanafunzi aambiwaye kwamba kimeng'enya kimetengeneza kitu ambacho kimeng'enya kingine hukimeng'enya ana haki ya kuuliza. Kulibadili neno lililokwisha kuingia madarasani hakushauriki. Inatosha mwalimu aseme siku ya kwanza kwamba vimeng'enya huharakisha mabadiliko ya kikemia, mengine ya kuvunja na mengine ya kuunga, na kwamba tumbo lilitoa jina tu.

Asetilikolini yenyewe ni ya aina gani ya vitu? Hapa maandishi yetu yanayumba sana. Wengine huita “kemikali ya neva”, jina ambalo halisemi kazi. Wengine huita “kipitishi”, wakasahau kwamba katika fizikia kipitishi ni kama waya wa shaba: husimama mahali pamoja na umeme ukapita ndani yake. “Kipashio” nacho kimekwisha kuchukuliwa na wanaisimu, na hakuna sababu ya kuwanyang'anya. Otto Loewi mwaka 1921 alisisimua neva iliyokwenda kwenye moyo wa chura hadi moyo ukapunguza mapigo, kisha akauhamisha ule umajimaji uliouzunguka akaumwagia moyo wa chura wa pili. Na huo nao ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Hapakuwa na waya kati ya mioyo ile miwili. Kulikuwa na kitu kilichosafiri na habari yake, na mwaka 1936 Loewi na Henry Dale walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo twapendelea “kiwasilishi cha neva”, kutokana na kuwasilisha, ambako ni kufikisha kitu kwa mwenyewe. Darasani mwalimu aweza kusema “tarishi”, na hasa watumishi wa ofisini wataelewa mara moja: tarishi akishatoa barua hatakiwi kubaki mlangoni akibisha hodi. Lakini tarishi ni mtu, na ngeli yake ingetusumbua. Abaki kuwa mfano.

Jina “asetilikolinesterasi” lina silabi kumi, na wapo wanaolitania. Liandikwe neno moja lisilo na vistari, na sehemu zake zielezwe: asetili, kolini, esteri, na mwishilizo -asi uonyeshao kimeng'enya. Zaidi ya hapo hatuoni haja ya kubishana juu ya herufi.

Neno “dawa” lastahili makala yake. Pirimifosi-metili, ambayo ni oganofosfati, wakulima wengi huichanganya na mahindi ya ghalani kwa jina la dawa. Na ndiyo hiyohiyo iliyopulizwa kutani mwa nyumba za Kanda ya Ziwa dhidi ya mbu waenezao malaria. Upulizaji huo uliitwa “dawa ukoko”, nasi twalisifu jina hilo bila kusita, maana kila mpishi ajua ukoko ni kile kigandacho kikabaki baada ya sufuria kupakuliwa. Yeyote aliyelibuni alifanya kazi kwa neno moja ambayo wengine wangehitaji sentensi nzima.

Imebaki habari ya tiba. Baadhi ya wafasiri huandika kwamba atropini ni “kiuasumu” cha oganofosfati. Atropini haiui sumu, wala haigusi kimeng'enya kilichozuiwa. Hukalia vipokezi vya tezi, moyo na mapafu, asetilikolini iliyozidi ikakosa pa kutua. Ndipo mapafu hukauka na mgonjwa akapumua. Musuli unaotetemeka hausaidii, kwa kuwa vipokezi vyake ni vya aina nyingine, na sumu ingali mwilini. Muuguzi aliyesoma “kiuasumu” ataona machozi yamekauka, atadhani sumu imekufa, na ataacha kumwangalia mgonjwa. “Kikingavipokezi” ni bora. Dawa iwezayo kukifungua kimeng'enya ni ya pili, pralidoksimu, nayo ina wakati wake. Sumu iliyokamata kimeng'enya hupoteza kipande kidogo cha mwili wake, na tangu hapo haifunguki tena: kwa gesi ya somani ni dakika chache, kwa baadhi ya viuatilifu ni saa kadhaa, kwa vingine hupita siku. Kiingereza husema kwamba kimeng'enya kimezeeka, na tafsiri ya “kimeng'enya kilichozeeka” tumekwisha kuiona, kana kwamba ni cha mtu mkongwe. Hakuna kilichozeeka. Fundo limekaza, na “kukaza kwa fundo” ndiyo istilahi tunayoiweka mbele ya wasomaji waipime.