Usafi wa Shabaha si Ubora wa Dawa: Uhakiki wa Utafutaji wa Vizuizi vya Kinesini-5 katika Tiba ya Saratani

1. Utangulizi

Mwaka 1999 Thomas Mayer na wenzake, wakiwamo Stuart Schreiber na Timothy Mitchison, walichapisha katika jarida la Science makala ya kurasa chache ambayo hadi leo hutajwa kila unapojadiliwa uvumbuzi wa dawa za saratani. Kabla ya makala hayo, molekuli ndogo zote zilizojulikana kuathiri mahususi mitambo ya mgawanyiko wa seli zililenga tubulini, protini inayojenga nyuzi ziitwazo mikrotubuli. Makala yalileta monastroli, molekuli inayozuia protini mota iitwayo Eg5, au kinesini-5. Uhakiki huu unakiri ubora wa kazi hiyo, lakini unadai kwamba sifa iliyowavutia zaidi warithi wake, yaani usafi wa shabaha, ndiyo iliyoficha udhaifu wa dawa zilizofuata.

2. Ubora wa mbinu

Watafiti hawakuanza na protini waliyoichagua. Walianza na seli yenyewe. Walipima misombo 16,320 wakitafuta ile inayosimamisha seli katikati ya mgawanyiko, wakapata 139. Iliyogusa tubulini ilitengwa, na iliyosalia ikachunguzwa kwa hadubini. Hatimaye mitano tu ndiyo iliyoonekana kuathiri mikrotubuli za seli zinazogawanyika bila kuvuruga zile za seli zilizotulia. Mmoja kati ya hiyo uliacha alama isiyosahaulika: badala ya kujipanga kati ya ncha mbili, nyuzi zilichomoza kutoka kitovu kimoja kama miale ya nyota. Jina la monastroli linatokana na umbo hilo.

Hapa inafaa kuonya kuhusu taswira. Wengi hueleza kinesini kama hamali anayebeba mzigo juu ya reli. Mfano huo unaifaa kinesini-1, inayosafirisha shehena ndani ya neva. Hauifai Eg5, ambayo hushika mikrotubuli mbili zilizoelekeana kinyume na kuzisukuma zitengane. Anayeipachika taswira ya hamali kwa kila kinesini humpotosha mshauri wa sera kuhusu kile hasa ambacho dawa inazuia.

3. Udhaifu wa urithi

Waandishi wenyewe waliiona monastroli kuwa zana ya kuchunguzia mgawanyiko wa seli, wala haikuwa na nguvu ya kutosha kuwa dawa. Waliofuata ndio walioipandisha cheo njia hiyo, wakatengeneza vizuizi vikali zaidi kama ispinesib na filanesib. Hoja yao ilikuwa na mantiki. Vinkristini na paklitakseli huwaacha wagonjwa na ganzi na maumivu ya vidole kwa sababu neva nazo hutegemea mikrotubuli. Eg5 huhitajika hasa wakati wa mgawanyiko. Kuizuia kungeziacha neva salama.

Utabiri huo ulitimia kwa kiasi kikubwa. Ambacho hakikutimia ni tiba. Katika majaribio ya kitabibu ya ispinesib, yaliyohusu hasa uvimbe mgumu wa watu wazima, wagonjwa wachache mno walinufaika, na kupungua kwa chembe nyeupe za damu kuliwekea dozi mpaka.

Kwa nini? Mwaka 2012 Mitchison aliliita jambo hili fumbo la kasi ya ukuaji. Seli katika bakuli la maabara hugawanyika takriban kila siku. Ndani ya uvimbe mwingi wa binadamu, ni sehemu ndogo tu ya seli inayogawanyika kwa wakati mmoja, ilhali uboho hugawanyika bila kupumzika. Dawa inayoua seli zinazogawanyika peke yake humdhuru mgonjwa kabla haijaudhuru uvimbe. Inawezekana basi kwamba paklitakseli hufaulu kwa sababu si safi: huvuruga pia seli zisizogawanyika. Zaidi ya hayo, seli zilizonyimwa Eg5 zimeonekana maabara zikiitumia kinesini nyingine, Kif15, kuziba pengo.

4. Ugonjwa upi kwanza?

Historia ya kanda yetu inatia uzito katika swali hili. Limfoma aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na kazi yake katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote. Seli zake huweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Ugonjwa huo uliitikia tiba ya kemikali kwa namna ambayo uvimbe mwingine haukuitikia, na miongoni mwa dawa zilizotumika ni vinkristini, inayotokana na mmea wa asili ya Madagaska. Sifa haiwezi kupewa vinkristini pekee, kwani siklofosfamidi ilikuwa nguzo kuu. Hata hivyo, mfano huu unadokeza kwamba kasi ya ukuaji wa uvimbe ilistahili kuwa kigezo cha kwanza cha kuchagua ugonjwa wa kujaribia vizuizi vya Eg5. Majaribio kwa watoto yalikuwa machache. Saratani zilizopewa kipaumbele zilikuwa za kawaida katika nchi tajiri.

5. Hitimisho

Maabara za Afrika Mashariki zinazochuja dawa za asili hutumia seli zilezile za bakuli, na kosa hili laweza kurudiwa kwa gharama ya umma. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ombi la fedha lieleze kasi ya mgawanyiko wa saratani inayolengwa ndani ya mwili wa mgonjwa. Pili, kizuizi kipimwe dhidi ya seli za uboho mapema, si baada ya kufikishwa kwa wagonjwa. Tatu, saratani za watoto wetu zinazokua haraka zihesabiwe tangu siku ya kuchagua shabaha. Makala ya 1999 yalijibu kwa ustadi swali la namna ya kusimamisha mota. Swali la nani atapona ikisimama lilibaki kwa warithi wake, nao walichelewa kuliuliza.