Mwalimu, Simu na Jiwe Linaloanguka

Bruda Peter Tabichi alipokabidhiwa tuzo ya mwalimu bora duniani mjini Dubai, Machi 2019, wengi walizungumzia zile dola milioni moja. Mimi nilivutiwa na safari zake za saiba. Shule ya Keriko huko Njoro, Kenya, alikofundisha hisabati na fizikia, ilikuwa na kompyuta moja na mtandao wa kusuasua. Basi akawa anapakua masomo saiba na kuyatumia darasani bila intaneti. Mwalimu anayejua kesho atakwama wapi, akajipanga leo, huyo ameiva.

Ufundi huo wa kufundisha kwa kifaa kimoja unaonekana vizuri zaidi katika somo la fizikia, jiwe linapoangushwa mbele ya simu. Rula ya mita imesimamishwa ukutani, karibu na dirisha ili mwanga utoshe. Simu imeegemezwa kwenye vitabu, jicho lake likilingana na katikati ya rula, maana ikikaa chini sana vipimo vinapotoka. Inarekodi picha 240 kwa sekunde. Jiwe linaachiwa kwenye alama ya sifuri, na tukio lote linakwisha kabla mtu hajapepesa macho mara mbili.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mwalimu anarudisha video nyuma, anatafuta picha ambayo vidole vinaachia, kisha anasogeza picha 24, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Jiwe liko karibu na sentimita 5. Anasogeza 24 nyingine: 20. Kisha 44. Kisha 78. Mwanafunzi mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika ubaoni, kwa sababu darasa la watu hamsini na kitu haliwezi kuchungulia kioo kimoja.

Mwalimu hodari hasemi neno. Anawaacha wakokotoe wenyewe umbali wa kila hatua: 5, 15, 24, 34. Atakayegundua kwamba kila hatua inaizidi iliyotangulia kwa takriban sentimita 10 ameuona mchapuko wa mvutano wa dunia kwa macho yake, kabla ya kupewa fomyula. Ukimya huo ni mgumu kuliko programu yoyote, na ndio ninaouheshimu zaidi. Kisha mtu anauliza: je, karatasi? Mwalimu anachana ukurasa wa daftari, anamkabidhi, na simu inawekwa tena kurekodi.