Ashiki Isiyosikia: Maungamo Matatu ya Phèdre

Wahenga wanasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Jean Racine, katika tanzia yake Phèdre iliyoonyeshwa Paris kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1677, anatulazimisha tuulize iwapo kila kisichofichika ni mapenzi. Malkia Phèdre anamtamani Hippolyte, mwana wa mumewe Thésée, naye anaungama mara tatu. Umbo la kila ungamo linatuonyesha ashiki inavyomgeuza.

Katika ungamo la kwanza hathubutu kulitamka jina la kijana. Analizunguka mpaka yaya wake, Œnone, analitaja, na papo hapo Phèdre anamtwika yaya dhima ya kulitaja. Hapa ndipo anapojifunza kuwaachia wengine watende anachokitaka yeye.

Ungamo la pili, katika Tendo la 2, Onyesho la 5, ndilo kilele cha ufundi. Linaanza kama sifa za mume anayedhaniwa kuwa amekufa, lakini Thésée anayesifiwa ni kijana, mwenye haya, mwenye macho na usemi wa Hippolyte. Kisha malkia anaisimulia upya hadithi ya safari ya Thésée kisiwani Krete: anamwondoa Thésée anamweka Hippolyte, anamwondoa dada yake aliyetoa uzi wa kuongoza njia anajiweka mwenyewe. Mbinu hii naiita upachikaji-sura, kwani anayependwa si kijana aliyesimama pale, bali sura aliyovishwa. Mistari ya mizani 12, iliyogawanyika 6 kwa 6, ambayo sikio lililozoea ukwapi na utao litaitambua upesi, inaishikilia heshima ya kimalkia hadi kijana anaposhtuka; ndipo Phèdre anapokitupa kiwakilishi cha heshima, anamwita kwa kile cha ukaribu, na kuunyakua upanga wake. Katika maneno yote hayo hakuna swali hata moja la kutaka kujua moyo wa Hippolyte una nani. Baadaye, Thésée anaporudi akiwa hai, upanga huohuo unakuwa ushahidi wa Œnone anapomsingizia kijana mbele yake, kwa ridhaa ya malkia.

Kipimo halisi cha tanzia hii, hata hivyo, kimo katika Tendo la 4. Phèdre anakuja kwa Thésée, ambaye ameshamlaani mwanawe, kumwombea Hippolyte. Mume anataja, bila kujua uzito wa neno lake, kwamba kijana anadai kumpenda binti mwingine, Aricie. Malkia ananyamaza. Mapenzi yangemwokoa Hippolyte hata kwa ajili ya mwanamke mwingine; ashiki, iliyozoea sura yake yenyewe, inamwacha aende kufa. Racine ameukabidhi ukatili mkubwa kuliko wote kwa kimya, na kimya hicho kinauma kuliko tusi.

Ungamo la tatu linakuja sumu aliyokunywa malkia ikiwa imeshaingia mishipani. Bado anazilaumu mbingu na yaya, lakini sasa anajitaja waziwazi kuwa ndiye aliyemkodolea kijana jicho chafu, na anamtaja Hippolyte alivyokuwa: mwana safi, mwenye heshima. Hakuna tena sura ya kupachika. Kwa mara ya kwanza Phèdre anamwona mtu mwingine, na mtu huyo ameshakufa.